Mstari wa Pili

5 Februari

Wifi Pilipili,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama hapo ofisini kwenu gazetini unamfokea mtu, mwache apumue, ukae.

Nina mimba. Mimi, Sindano, mke wa mdogo wako, ambaye kwa miaka sita mama yenu amekuwa akinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Nimepima kwa kijiti cha duka la dawa. Muuzaji aliniambia nisiwe na haraka, mstari wa pili huja taratibu kama mgeni mwenye haya. Wifi, huu wangu haukuwa na haya. Ulikuja mwekundu, mnene, umekolea kuliko ule wa kwanza. Nilimwonyesha Mama. Akakichukua kijiti, akakifuta, akakiweka kabatini nyuma ya vile vikombe ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuvinywea.

Kutapika ndiyo usiseme. Natapika maji, natapika hata kwa harufu ya pasi ya moto kule karakana ya ushonaji. Moyo unanidunda kama cherehani ya umeme. Na tumbo limewahi sana; zile sketi za sare za shule nilizokuwa najipima kiunoni kabla ya kuzifunga, siku hizi namwachia mwenzangu. Mama anasema ni mapacha na ameshatangaza. Mume wangu jana alirudi na mabomba membamba ya chuma, leo anachomelea kitanda cha mtoto. Alikipima upana, akawaza, akaongeza.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu kuta za nyumba hii zina masikio, na kwa sababu nikianza kulia kwenye simu wewe huanza kunihutubia. Jibu kwa anwani ya karakana.

Sindano


14 Februari

Sindano wangu,

Nimekaa. Niliyekuwa namfokea ni mhariri, na anakushukuru sana.

Nimelia kidogo, kisha nikafungua vitabu, maana najua umezungukwa na mabingwa wasiosoma. Mama atakuambia unatapika kwa sababu mtoto ana nywele nyingi. Jirani atasema unadeka. Waambie wote wanyamaze. Anayekutapisha ni kondo la nyuma, lile ambalo watu hulitupa bila hata kulishukuru. Mtoto akiwa bado mdogo kuliko punje, kondo limeshashika kazi. Linamwaga homoni kwenye damu ya mama, linapiga ukelele: pokeeni mgeni, mlango usifungwe, hedhi isije! Ukelele huo ndio ulioonekana kwenye kijiti chako. Baadaye linatoa homoni nyingine ya kuutuliza mfuko wa uzazi usibanebane kabla ya wakati. Nyingine tena inaufanya mwili wa mama uiachie sukari yake ipite kwa mtoto; ndiyo maana wapo wanaopata kisukari wakiwa na mimba. Kondo ni mkunga na ni mnyang'anyi, wifi. Mimba njema ni pale hao wawili wanapopatana.

Lakini ukelele una kiasi chake. Moyo kudunda, tumbo kuwahi, kutapika hata maji, hayo usiyaachie mdomo wa Mama. Nenda ukapigwe picha ya tumbo. Usiseme nitakwenda, nenda. Na wakiwa mapacha kweli, mmoja ni wangu. Nitamfundisha kutukana kwa heshima.

Mwambie mdogo wangu aongeze upana anavyotaka, ila pembe za chuma azipige tupa zisije zikachoma mtu.

Pilipili


2 Machi

Wifi,

Hakuna mtoto.

Nimetanguliza hilo kwa sababu nikilichelewesha sitaliandika. Daktari alikigeuza kioo cha mashine upande wake akakaa nacho, halafu akanigeuzia. Nilitafuta kichwa. Nilitafuta mkono. Palikuwa na vitone vitupu, kama povu la sabuni kwenye beseni. Anasema inaitwa mimba zabibu. Kondo limeota peke yake, limevimba vishada vishada, na ndani yake hakuna mtu. Nilimuuliza amekufa lini. Akanishika kiganja, akasema, "Mama, hakuanza." Wifi, mtu akifiwa na ambaye hakuanza, watu huja kumpa pole ya nani?

Walinisafisha kesho yake. Wamesema niende kila wiki nikatolewe damu, wapime ile homoni mpaka iishe kabisa, kwa sababu mabaki ya kondo la namna hii yanaweza kuota tena na kusambaa mwilini kama saratani. Na nisishike mimba mpaka waniruhusu, kwani mimba mpya itapiga ukelele uleule, nao hawatajua ni nani anayelia.

Sasa sikia nililolifanya, na usinipigie kelele. Nilipotoka hospitali nilinunua kijiti. Labda nilitaka kuuona mstari mmoja, niamini. Ikaja miwili. Kwa ujinga nikakiacha dirishani bafuni, Mama akakiona. Nilimsikia akipiga vigelegele peke yake mle ndani. "Si nilisema mapacha! Wamemsafisha mmoja, mwenzake kajificha!" Akatoka, akanishika uso kwa mikono miwili. Tangu niolewe hajawahi kunishika uso.

Sikumwambia hapana. Mume wangu alinitazama juu ya kichwa cha Mama, naye hakumwambia. Na wewe usimwambie. Nakuomba kwa lolote unaloliheshimu, kama lipo.

Sindano


10 Machi

Wifi yangu,

Pole. Uliuliza pole ya nani: ni yako. Kwa daktari hakuanza, sawa, daktari anasema alichokiona. Kwako alianza miaka sita iliyopita, na asitokee mtu wa kukuambia huna haki ya kumlilia. Nimeiandika aya hii na kuifuta, nikaandika tena, mimi ambaye hukatwa maneno kila siku kwa kuzidisha.

Lakini mstari ule si mtoto. Nitalisema kwa ukali kwa sababu upole haujawahi kunikaa. Kijiti hakimjui mtoto, hakijawahi kumwona. Kinaisikia homoni ya kondo, basi. Kwenye mimba njema kondo ni mlinzi wa getini. Ukibisha anaitika, na kwa kuwa anaitika unajua ndani kuna watu. Kwako nyumba ilikuwa tupu, ila mlinzi alikuwepo, akaitika kwa sauti ya walinzi kumi. Wamemtoa. Mwangwi wake umebaki kwenye damu na utachukua wiki kadhaa kunyamaza. Ukinyamaza, umepona. Ukigoma kunyamaza, basi mlinzi hajatoka, na safari hii amekuwa jambazi. Usiutazame mstari huo kwa mapenzi, wifi. Utazame kama moshi unaotoka chumba ambacho hukuwasha moto.

Mama najua anavyokuambia: mficha uchi hazai. Haya, wewe umeufunua kwa nyumba nzima na mtaa mzima, umezaa nini? Tumbo la mwanamke aliyeolewa ni kibaraza, kila apitaye anaketi. Wanajua umechelewa kuona siku zako kabla wewe hujajua. Na katika kundi lote hilo mtafute mmoja anayejua kondo linafanya kazi gani! Damu inanichemka. Ni wangapi sasa hivi wanaoshangilia mstari ambao kesho utawaua?

Sitamwambia Mama. Nakuahidi. Wewe nenda kliniki.

Pilipili


6 Aprili

Kwa Mwandishi wa Makala,

Makala yako imefika. Imefika kwenye gazeti lililofungia vifungo vya karakana. Mshonaji wa meza ya pili aliikunjua, akaona kichwa cha habari, akatusomea kwa sauti wakati wa chakula. "Mama Mkwe Ashangilia Nyumba Tupu." Hukutaja jina la mtu, ni kweli. Ulitaja bafu, dirisha, vigelegele, sare za shule na kitanda cha mabomba. Ulichosahau ni rangi ya mapazia.

Ni makala nzuri. Ile habari ya mlinzi wa getini waliipenda sana. Mimi nilidhani uliitunga kwa ajili yangu, kumbe ulikuwa unaijaribia kwangu kama sketi. Mmoja wao alikuja akanishika bega kwa huruma, na kwa jinsi alivyonishika nikajua ameshapita kwa Mama.

Mama hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Alikitoa kile kijiti cha kwanza nyuma ya vikombe, akaniletea kitandani. Akasema, "Mtoto niliyemzaa ananiita mjinga mbele ya watu. Wewe niambie. Ndani yupo au hayupo?" Alikuwa amezeeka tangu asubuhi, wifi.

Nikamwambia yupo.

Umeshinda hoja, hongera. Uliahidi hutamwambia Mama na hukumwambia. Umewaambia watu wote isipokuwa yeye.

Kliniki naenda. Usiniandikie tena.

Sindano


20 Aprili

Sindano,

Umesema nisiandike, nami ni mbishi, unajua.

Wanawake wanaleta barua gazetini. Mmoja alikuwa na tumbo lililowahi kama lako, akaenda kupigwa picha kwa sababu ya makala ile, wakamsafisha mapema. Nilitaka kukuambia hilo kama utetezi, lakini kila nikiliandika linageuka hoja, na wewe huna haja ya hoja. Sikukuomba ruhusa. Nilichukua kilio chako nikakifanya silaha, tena nikajisifu kuwa silaha ni kali. Nisamehe. Haya, nimesema. Muulize yeyote pale nyumbani kama amewahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu.

Damu inasemaje? Inashuka?

Pilipili


11 Mei

Sindano,

Simu yako haipokelewi. Nikimpigia mdogo wangu anajibu "anaendelea", utadhani namuuliza habari za gari bovu. Sitaki msamaha wala salamu. Andika neno moja tu kwenye karatasi, inashuka au haishuki, tia kwenye bahasha.

Pilipili


3 Julai

Kwa binti yangu mwenye gazeti,

Wewe salamu huzitaki, hutaka hoja. Basi nakuletea hoja, na naiandika kwa mkono wangu, ingawa miwani imevunjika mguu mmoja.

Ulisema mstari ule ni mwangwi na utafifia. Kweli ulififia. Mke wa mwanangu alikuwa anapima, ananionyesha. Ukawa mwembamba, ukawa kama uzi, ukawa kama kivuli cha uzi. Nikajisemea kimoyomoyo, kumbe mwanangu msomi alikuwa anasema kweli. Kuna siku nilianza kukuandikia hivyo, nikaona aibu, nikaichana.

Sasa sikia. Umerudi! Ulianza kukolea kidogo kidogo, na jana umekuja mwekundu kama ule wa mara ya kwanza. Tulishikana mikono jikoni tukaruka kama wasichana, mimi na goti langu hili. Damu inamtoka matone, lakini na wewe ulinitoa matone, na mbona upo, tena unasumbua dunia. Kliniki alikwenda mara mbili baada ya wewe kututangaza, akaacha. Alisema hawezi kukaa kwenye lile benchi watu wakinong'ona, na mimi nikamwambia kaa nyumbani, anayetafuta ubaya haukosi.

Yeye mzima. Ana kikohozi tu, ni vumbi la vitambaa la huko karakana, wote wanakohoa. Juzi makohozi yalikuwa na wekundu kidogo, nikampa maji ya moto, kifua kikalainika. Amekonda, lakini mimi nilikonda zaidi kwa ajili yako. Ulinila mpaka mifupa.

Njoo umwone. Njoo na maneno machache. Sina kinyongo. Mtoto hupatanisha watu.

Mama yako


7 Julai

Mama yangu,

Nimepiga simu yako na ya mdogo wangu, zote kimya. Barua hii nampa dereva wa basi la kwanza aikabidhi mkononi mwako. Basi lake limejaa, nafuata na linalofuata. Usiningoje.

Mpeleke hospitali leo. Mpeleke ileile waliyomsafishia. Mwambie daktari hivi: alikuwa na mimba zabibu, mstari ulififia na sasa umekolea, na anakohoa damu. Usiongeze neno, watajua. Dawa ipo, Mama. Ugonjwa huu mara nyingi hupona hata ukiwa umefika kifuani, ila lazima mgonjwa awe hospitali.

Sitabishana nawe. Ukitaka niseme makala yangu ilikuwa uongo mtupu, nitaandika hivyo ukurasa wa mbele. Ukitaka niseme wewe ndiye msomi, nitasema. Uliona aibu kuniambia kuwa nilisema kweli. Natamani ningekuwa mwongo, Mama. Ningekuja hapo jikoni tukashikana mikono watatu.

Na kama ni mtoto kweli, picha itamwonyesha, nami nitapiga magoti mlangoni kwako mtaa mzima ukinicheka. Lakini mpeleke. Akikataa kutembea, mbebe kama ulivyonibeba.

Nilimchokoza kwenye gazeti akaogopa benchi. Usimwache aogope na leo.

Mwanao


12 Novemba

Wifi Pilipili,

Umeondoka juzi tu na wodi imeshapoa. Mgawa chakula anakuulizia. Anasema tangu uende hakuna anayemwambia uji wake ni wa kubandikia mabango, na anaona kama hathaminiwi.

Mdogo wako alikuja jana. Nilimuuliza habari za kile kitanda. Nilidhani amekikata mabomba yafanye kazi nyingine. Amekiegemeza nyuma ya nyumba, anasema, na amekifunika kisishike kutu. Alinikata kucha.

Mama bado ananishonea vilemba vya kufunika hiki kichwa kilichonyonyolewa nywele na dawa. Hajui kushona, mama yenu. Fundi mzima navaa mishono iliyopinda kama njia ya mlevi, na sithubutu kusema. Siku za kutolewa damu anaifuata ile chupa mpaka mlango wa maabara, hamwamini mtu. Namba ikitoka, naisoma usoni mwake kabla hajafika kitandani.

Nitakalokuambia sasa, ukitaka liandike gazetini. Safari hii nimekuruhusu. Mapazia ya wodi ni ya kijani.

Leo daktari amekuja akasema imekwisha. Wamepima tena na tena, homoni haionekani. Nitamalizia dozi chache ili isirudi. Yale madoa ya kwenye mapafu yanafutika. Mwaka mzima nisishike mimba, na baada ya hapo hakuniahidi kitu, alisema tu kuwa wengi huzaa. Wauguzi walipiga makofi. Mwenzangu wa kitanda cha dirishani akapiga vigelegele, kama vile vya Mama bafuni.

Nikaomba kijiti. Muuguzi akacheka, "Jamani, maabara imeshasema, kijiti cha nini tena?" Mama akamwambia, "Mpe." Kwa sauti ile unayoijua.

Tulikaa kitandani, mimi na Mama, tumekishika wote wawili. Mstari wa kwanza ukaja. Tukangoja. Nilijua, wifi. Nilijua mlinzi ametoka getini, na kwamba nikibaki hai ni kwa sababu hiyo. Niliumwa vya kutosha kulijua hilo. Lakini nilikuwa naitazama ile sehemu nyeupe na moyo wangu unaita, njoo. Hata kama ni wewe uliyetaka kuniua, njoo, hata kivuli cha uzi.

Haukuja.

Mama alikisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakirudisha. Akavua miwani.

"Ndani hayupo," akasema.

"Hayupo, Mama."

"Siku ile uliniambia yupo."

"Nilikuambia."

"Hakuwahi kuwepo?"

"Hakuwahi."

Nilidhani atanyanyuka aende zake. Akakiweka kijiti juu ya shuka, akanishika uso kwa mikono miwili, kama siku ile mlangoni bafuni, akanitazama kwanza jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia humo.

"Na wewe upo," akasema.

"Nipo."

Basi tukalia, yeye kwa sauti, mimi kwa kifua hiki kibovu. Hakuna aliyekuja kutupa pole. Wodi nzima walidhani tunalia kwa furaha, wakaendelea kupiga makofi.

Wifi yako,
Sindano